Muulize Ami: Nilale wapi nikienda kusomea mbizi za mapangoni?

Ami, assalaam alaykum, na shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, mzaliwa wa Nungwi. Huu ni mwaka wa tano naongoza wageni chini ya maji. Siku nyingi tunakwenda Mnemba, na Leven Bank siku mkondo ukiwa mpole. Lakini roho yangu iko kwenye mapango. Utotoni shangazi yangu wa Jambiani alikuwa akitupeleka kwenye pango la Kuza. Wenzangu wakiogelea, mimi nakaa ukingoni nachungulia pale mwanga unapokatika na maji yanaendelea. Nikiuliza maji yale yanakwenda wapi, hapana aliyenijibu.

Sasa nimeamua kwenda kusoma. Bakshishi za misimu miwili zote nimezitia kwenye kibubu. Nimepata mwalimu Tulum, Meksiko, na arubuni yake nimeshalipa. Kozi ni siku 8 za majini na siku 1 ya kupumzika katikati. Inaanza Jumamosi, mwishoni mwa Aprili, wakati huku masika imeshika na kazi hakuna. Tiketi nimewekewa ila sijailipia. Natua Ijumaa usiku, asubuhi yake tunaanza. Mbizi ya mwisho ni Jumapili ya wiki ya pili, tunatoka majini saa 10 jioni, na Jumatatu saa 1 asubuhi nipo kwenye ndege. Kwa hiyo nitalala huko siku 10. Mfukoni nimebakiwa na dola 900 za malazi, chakula na mengineyo.

Tatizo langu ni pa kulala. Nimetafuta wiki tatu na nimebaki na njia nne.

Ya kwanza ni hosteli ya katikati ya mji, kitanda cha juu cha dabodeka kwenye chumba cha watu 8, wanaume na wanawake pamoja, dola 15 kwa usiku. Ya pili ni nyumba. Tunakwenda kozi hii watu watatu: mimi, mwenzangu wa kazini, na rafiki yake wa Dar. Wao wamepata nyumba ya vyumba vitatu kwa dola 66, na wanataka tuichange, kila mtu dola 22. Ni watu wazuri, wananiheshimu kama dada yao. Ya tatu ni gesti ya mama mmoja, mtaa wa nyuma, vyumba vinne vimezunguka ua wenye miti, kila chumba kina choo na jiko dogo. Anataka dola 41. Ya nne ni kibanda cha ufukweni, kizuri kama picha, dola 110. Hicho nakitaja tu.

Hesabu inaniambia hosteli. Wenzangu wananiambia nyumba. Mama hataki kusikia nyumba moja na wanaume wawili, na ukweli hata hosteli sijamwambia kwamba chumba ni cha mchanganyiko. Tena ana hofu yake nyengine: anasema mapango yana wenyewe, na mtoto wa mtu hafuati giza kwa hiari yake. Mjomba yeye ananiambia, "Kwani unakwenda kulala au kusoma? Kitanda ni kitanda." Nami nikitazama dola 900 naona kama ana haki.

Ami, wewe umekwenda huko. Nichague lipi, na mama nimwambieje?

Mzamiaji wa Nungwi


Waalaykum salaam mwanangu, na marahaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa sitazami tena kitanda, natazama tiketi, na nataka tuanzie hapo kwa sababu haijalipiwa bado.

Unatoka majini Jumapili saa 10 jioni, unapanda ndege Jumatatu saa 1 asubuhi. Hesabu kwa vidole: saa 15. Wewe ni kiongozi wa mbizi, kila wiki unamkataza mgeni kupanda ndege siku aliyozama, asije akapata ugonjwa wa mgandamizo, ule wa viputo vya gesi kufanyika mwilini. Mtu aliyezama siku kadhaa mfululizo anatakiwa akae nchi kavu si chini ya saa 18, na mbizi za mapangoni huwa ndefu, kwa hiyo mimi nakutaka ukae saa 24 kamili au zaidi. Na ndege ya saa 1 asubuhi pale kiwanja cha Cancún maana yake unatoka Tulum saa 8 au 9 usiku, na begi la vyombo vibichi. Usiilipie tiketi hiyo. Tafuta ya Jumatatu usiku, na ukiikosa, ya Jumanne.

Upande wa kuingia nako kuna kasoro. Tulum iko nyuma yetu kwa saa 8. Ukitua Ijumaa usiku na kuanza Jumamosi, mbizi ya pili ya siku ya kwanza itaangukia saa 8 mchana kwao, na mwili wako utakuwa unahesabu saa 4 usiku. Utakuwa umechoka kwa safari, umekunja miguu kwenye ndege mbili au tatu, halafu mtu anakupa kamba mkononi anakwambia fanya kila kitu sawasawa. Tua Alkhamisi. Ijumaa tembea, kunywa maji, panga vyombo, lala mapema.

Basi si siku 10, ni 12. Najua nimekuongezea gharama kabla sijakupunguzia hata senti, lakini siku hizo mbili zimo ndani ya mafunzo kama zilivyo siku 8 za majini.

Sasa kitanda, na nitaanza na cha kwangu mwenyewe, maana mjomba wako amesema maneno niliyoyasema mimi nikiwa na umri wako.

Nilipokwenda kusoma nilichagua hosteli ya bei ya chini kabisa niliyoipata, nikalala dabodeka ya juu. Usiku wa kwanza muziki ulizimwa saa 7. Usiku wa pili kijana wa kitanda cha chini aliingia saa 9 na wenzake wawili, wakawasha taa. Nguo yangu ya kuzamia niliianika bafuni, nikaambiwa niitoe kwa sababu inachuruzika, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda, na asubuhi nikaivaa mbichi, baridi, ina harufu. Hayo yote niliyachukulia kuwa ndiyo maisha ya mtu asiye na pesa.

Siku ya tatu lilikuja zoezi la giza. Mnaingia pangoni mkifuata kamba nyembamba iliyofungwa kwenye mawe, halafu mwalimu anazima tochi zenu, na mnatakiwa mtoke kwa kuipapasa kamba tu. Kwenye kamba kuna vishale vidogo vya plastiki, na ncha ya kishale siku zote inatazama mlango wa karibu. Nilikifikia kishale. Nikaisoma ncha yake kwa kidole gumba, polepole, nikaielewa vizuri. Kisha nikageuka nikaenda upande wa kinyume. Niliamini kabisa kwamba natoka. Nilikwenda mapigo kumi au kumi na mawili ya miguu mpaka mwalimu aliponishika kifundo cha mguu akanisimamisha. Tulipotoka hakunikemea. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Jana umelala kwa muda wa saa ngapi?" Nilihesabu, zikafika saa tatu na nusu. Alinirudisha hosteli, siku ile ikahesabika imepotea, na siku ya kuongeza nililipa mimi. Kwa pesa ile ningelala chumba cha peke yangu wiki nzima.

Ndiyo maana, mwanangu, malazi ya safari hii usiyapime kwa bei ya usiku mmoja. Yapime kwa siku: ukiamka pale, utaweza kuingia pangoni au hutaweza? Safari ya kutembea, kitanda kibaya kinakuharibia mapumziko yako tu. Hapa kinaingia nawe ndani ya jiwe. Baharini ukikosea una uso wa maji juu ya kichwa chako, na unapanda taratibu kama unavyowafundisha wageni. Pangoni juu yako ni dari, na njia ya kutokea ni ile uliyoingilia. Kwa hiyo ndiyo inatengwa theluthi moja ya hewa ya kuingilia, theluthi ya kutokea, na theluthi ya tatu haiguswi ila kwa dharura. Kwa hiyo ndiyo kila mtu anabeba tochi tatu. Mtu aliyelala saa tatu na nusu anakosea kuhesabu hiyo hiyo theluthi.

Nikwambie siku yenyewe inavyokuwa, uone unahitaji nini ukirudi chumbani. Asubuhi saa 1 unatakiwa uwe umeshakula. Kuna kupakia mitungi, miwili kwa kila mtu, na mmoja ukiwa umejaa ni karibu kilo 17. Kuna zoezi la nchi kavu kwanza, kamba inazungushwa kwenye miti nanyi mnaifuata mmefumba macho, halafu mbizi mbili, pengine tatu. Mnarudi jioni. Vyombo visuuzwe, nguo ianikwe, tochi zitiwe chaji. Baada ya hapo kuna darasa: hesabu za hewa, mpango wa kesho, maswali. Unalala saa 4 usiku ukiwa na bahati. Hapana nafasi ya bwawa la kuogelea wala ya ufukwe. Na mapango yenyewe hayako ufukweni, yako barani, ndani ya msitu, kwenye mashimo ya maji wanayoyaita cenote. Kile kibanda cha dola 110 umefanya vyema kukitaja tu.

Hosteli nishakwambia. Wewe una sababu ya ziada, chumba cha mchanganyiko, na ukishajiona unamficha mama jambo, moyo wako umekwisha kukujibu.

Nyumba ya wenzako ndiyo iliyonikalisha kitako. Nilimsomea mke wangu barua yako kwa sababu hili yeye analijua kuliko mimi. Hakusema lolote juu ya wale vijana. Alisema: "Mtoto wa kike akiwa mgenini anataka mlango wake na ufunguo wake. Asivue mtandio kwa kusikiliza nani anapita ukumbini." Nami naongeza la upande wangu. Kwenye kozi ya pango kila mwanafunzi lazima awe huru kusema "leo sizami," bila ya kutoa sababu, na wenzake wakubali. Hiyo ni kanuni ya mbizi hizi duniani kote. Ukiwa umekaa nyumba ambayo hukuwa na raha nayo tangu mwanzo, na umeikubali kwa kuona haya, nachelea utaona haya hata mambo mengine.

Lakini kuwaacha wenzako moja kwa moja nako sikutaki. Watu watatu wa kozi moja wakikaa pamoja wanasaidiana kubeba, wanasahihishana masomo, na wanachukuliwa na gari moja. Hivyo soma tena ulichoniandikia kuhusu ile gesti: vyumba vinne, ua katikati, miti. Waambie wenzako waache nyumba, waje gesti. Wao wachukue chumba kimoja cha vitanda viwili, wewe chako. Kila mtu ana mlango wake, na jioni mnakutana uani. Hiyo ni nyumba ya kwetu kabisa, mama yako akiiona kwenye simu ataielewa bila ya kuelezwa. Hata wao watatoa pungufu ya zile dola 22, kwa kuwa dola 41 zikigawiwa mara mbili ni dola 20 na nusu.

Na sasa mna nguvu ya kuzungumza bei. Mama mwenye gesti akipangisha vyumba viwili kwa siku 12 mfululizo, baada ya Pasaka, atapunguza. Wiki ya Pasaka watu wa Meksiko wenyewe husafiri kwa wingi na bei hupanda, ikishapita mji unapoa. Mwombeni dola 36. Kwako itakuwa dola 432, utabakiwa na 468, yaani dola 39 kwa siku za kula na kila kitu. Akikataa kabisa kushuka utalipa 492, na bado unabakiwa na 408, dola 34 kwa siku. Inatosha ukiwa na jiko.

Jiko nalisisitiza, na si kwa bei peke yake. Kule maharage ya mgahawani mara nyingi yamepikwa kwa manteca, na manteca ni mafuta ya nguruwe. Chapati zao za ngano nazo hutiwa. Zile za mahindi kwa kawaida ni mahindi, maji na chokaa tu, lakini uliza. Mtu asiye na jiko anaishia kula mayai na ndizi siku 12, au anakula kwa wasiwasi. Wewe utapika wali wako na samaki, utabakisha wa alfajiri, na utabeba chakula cha mchana kwenye kopo, maana huko msituni hakuna duka. Chukua bizari yako kutoka nyumbani, mkebe mdogo tu.

Maji ya bomba kule hayanywewi. Watu hununua madumu ya lita 20, na gesti nzuri huliweka jikoni na kulibadilisha likiisha. Muulize mama huyo kama limo ndani ya bei. Usilichukulie dogo, mzamiaji aliyekauka maji mwilini yuko karibu zaidi na ugonjwa wa mgandamizo, na hilo unalijua. Maji ya mapangoni ni ya kama nyuzi 25, joto la sawa na bahari yetu ya kusi, lakini utakaa humo saa nzima bila ya kutembea sana, ukifanya mazoezi mahali pamoja. Unatoka unatetemeka. Nguo kavu na kitu cha moto tumboni vinakurudisha, kwa hiyo muulize na pahala pa kuanika: pawe chini ya paa, pawe na upepo, na usiku pafungwe. Vyombo vya mbizi vinaibiwa kila mahali.

Muulize kama chumba ni cha chini au cha ghorofani. Mara nyingi mitungi hubaki kwenye gari la mwalimu, lakini ikibidi kuibeba, ngazi zile utazilaani. Muulize kama lipo bomba la nje la kusuuzia. Umeme wa kule ni wa volti 127 na tundu zake ni za miguu miwili bapa, si kama zetu za miguu mitatu, basi beba plagi ya kubadilishia na utazame maandishi nyuma ya chaja za tochi zako. Zikiwa zimeandikwa 100 hadi 240 huna neno. Beba na ekstensheni. Chumba chenye tundu moja na tochi tatu, simu na kompyuta ya mbizi ni ugomvi wa kila usiku.

Kuhusu kelele, usimuulize mtu kama pana kelele, hakuna mwenye gesti atakayekwambia ndiyo. Mwombe akupigie simu ya video akiwa ndani ya chumba, dirisha limefunguliwa, Ijumaa saa 4 usiku kwao. Huku itakuwa Jumamosi saa 12 asubuhi, umeshasali. Kaa kimya usikilize. Akikubali, umempata mtu mkweli. Akizungushazungusha, tafuta pengine.

Pesa yote usiitume. Arubuni ya usiku mmoja au miwili, iliyobaki ukifika na ukiuona ufunguo. Na kwa kuwa pasi yetu inataka viza, chukua nafasi inayoweza kufutwa bila ya faini mpaka viza itoke. Ukiambiwa ulipe siku zote 12 leo kwa sababu "kuna mgeni mwengine anaitaka", wewe mwache huyo mgeni aichukue.

Na mwalimu wako umwandikie swali moja ajibu kwa maandishi: viingilio vya cenote vimo ndani ya ada ya kozi au havimo? Ardhi zile zina wenyewe, na kila siku mnalipa langoni. Wengi hugundua hilo siku ya pili, na ndiyo inayowafanya wahamie hosteli katikati ya kozi. Muulize pia mitungi inajazwa wapi na kama gari lake litawapitia gesti. Daladala zipo kwenye barabara kuu kati ya Playa del Carmen na Tulum, zinaitwa colectivo, ni rahisi, zitakufaa kwa sokoni na siku ya mapumziko. Kwa kubebea vyombo vya mbizi, hapana.

Sasa mama.

Usimwambie kwamba hofu yake ni ya kizamani. Wazee wetu walioteka maji mapangoni walikuwa na adabu nayo, na Wamaya, wenyeji wa asili wa kule wenye mashimo yale, walikuwa hivyo hivyo. Kwao yalikuwa milango ya kuzimu, na kule Chichén Itzá, mji wao wa kale, vimeopolewa vitu vya thamani na mifupa ya watu waliotolewa sadaka. Mwambie ana haki kuogopa giza, na kwamba hata wenye kazi hii waliliogopa kwanza ndipo wakaweka sheria. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani mmoja, Sheck Exley, alikaa akazichambua ajali za mapangoni, moja moja. Yaliyorudi tena na tena yalikuwa matatu: watu waliingia bila ya kamba isiyokatika mpaka nje, hawakubakisha hewa ya kutosha ya kutokea, na walikwenda chini mno. Baadaye yakaongezwa ya tochi na ya kuwa na mafunzo. Wewe unakwenda kulitafuta hilo la mwisho. Anayechungulia pale Jambiani kisha akaingia na tochi moja kwa kujiamini, huyo ndiye wa kuogopewa, na kwa barua yako nahisi siku moja ungeingia.

Mwambie ukweli wote wa chumba. Mpe jina la mama mwenye gesti na namba yake ya simu. Mwite akae nawe siku ya ile video, aone mlango na kitasa chake, aone ua.

Na kabla hujaondoka kuna zoezi nataka mlifanye pamoja. Nunua kamba nyembamba ya nailoni mita 40. Ifunge kuanzia mlango wa nyumba yenu, ipitishe kwenye mnazi wa kwanza, iteremke mpaka usawa wa goti, izunguke kisima, ipande, imalizikie mnazi wa mbali. Kila baada ya hatua chache tia fundo lenye kipande cha plastiki kilichokatwa kama kishale, ncha itazame nyumbani. Jioni vua viatu, simama kule mwisho, na mama akufunge macho kwa kanga yake, aifunge mwenyewe, vizuri, mpaka aridhike kwamba huoni. Akuzungushe mara tatu. Kisha yeye arudi akakae kibarazani, asiseme kitu, akutazame unakuja na vidole vyako kwenye kamba. Mara ya kwanza utapotea. Fanyeni kila siku mpaka siku ya safari.